Kiti cha nyuma cha pikipiki na potibagaji (chuma cha kubebea mizigo) kutoka Kadutu: nimevipima Ngomo, Nyungwe na Goma

Naanza na kiti, kwa sababu mimi ndiye niliyekikalia. Bwana yangu anaendesha, mimi nakaa nyuma. Imekuwa hivyo tangu tuoane, na miaka yote hiyo kila fundi tuliyempelekea pikipiki alizungumza na yeye tu, mimi nimesimama pembeni na mkoba wangu. Huyu wa Kadutu, hapa kwetu Bukavu, aliniambia, "Mama, kaa hapa kwanza." Akanikalisha juu ya kreti ya bia katikati ya karakana, akachukua mita ya mshonaji, akanipima kutoka goti hadi kisigino: sentimita 43. Akapima paja: 48. Akapima kutoka ninapokalia hadi pale mgongo unapoingia ndani: 18. Namba zote akaziandika ukutani kwa chaki. Bwana yangu alipoanza kumweleza habari za injini, fundi akamkatiza taratibu: "Muzee, nitakusikiliza. Lakini mama njo atakaa siku sita huku nyuma, si mimi wala weye."

Pikipiki yetu ni ile ya kawaida ya cc 150 ambayo motari wa Bukavu wanapakilia watu kila siku. Kiti chake cha kiwandani ni kirefu, chembamba na laini mno. Kwa safari za mjini, kutoka mtaa wa Nguba hadi mtaa wa Essence, kinatosha. Kwa mlima hakitoshi, na mimi nina sababu zaidi ya watu wengine: miaka tisa iliyopita nilianguka nikiwa abiria, mvua ikinyesha, kwenye mteremko wa kwenda Panzi. Tangu siku ile nyonga yangu ya kushoto haivumilii kukaa namna moja zaidi ya nusu saa. Nilishaapa kwamba safari ndefu ya pikipiki sitaifanya tena.

Kiapo nilikivunja kwa sababu ya ndoa na ya ubao. Watoto walitaka kutufanyia sherehe ya miaka 25, ukumbi na keki. Tuliwaomba hizo pesa watupe tuzitumie barabarani. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka 19 nimesimama mbele ya darasa nikichora mstari unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, na mstari wenyewe uko ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, karibu na nyumbani kuliko miji mingi ya nchi yetu. Sikuwahi kuukanyaga. Nilitaka kuuvuka nikiwa nyuma ya mume wangu, si katika basi, dirisha likiwa na ukungu.

Basi tuliagiza vitu vitatu: kiti kipya kwa dola 45, vikanyagio vya abiria kwa dola 15, na potibagaji ya kubeba mizigo kwa dola 70. Juu yake tuliongeza dola 8 za esanse (petroli) ya jenereta, kwa sababu umeme ulikatika siku mbili mfululizo na fundi hachomelei bila umeme. Aliahidi siku tano, ikawa kumi na mbili. Hilo naliweka wazi mapema: ukiwa na tarehe ya kuondoka, mpelekee kazi wiki tatu kabla. Hakunificha lolote, kila nilipopita alinionyesha kazi imefika wapi. Lakini kuchelewa ni kuchelewa.

Vikanyagio ndivyo vilivyonifundisha kwamba fundi huyu anafikiri. Kwenye pikipiki yetu vilikuwa vimefungwa kwenye ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Gurudumu likiingia shimoni, mkono unapanda, na kikanyagio kinapanda nao, kwa hiyo pigo lote linaingia kwenye kisigino, linapita gotini, linafika nyongani. Springi za nyuma hazikusaidii kitu, maana miguu yako iko upande wa chini wa springi. Miaka yote nililaumu barabara. Fundi alivikata, akavichomelea kwenye fremu yenyewe, ambayo springi inailinda, na akavishusha sentimita tano ili goti langu lisikunjwe kama la mtoto. Kwa dola 15. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, fanya hiki, acha vingine vyote.

Potibagaji ya kwanza ilikuwa kosa, na lazima niieleze, kwa sababu makosa ya namna hiyo nayaona mjini kila siku. Ilikuwa nzuri kwa macho. Ilitoka nyuma ndefu, pana, unaweza kuweka gunia la makaa na mbuzi juu yake. Kabla ya kuvuka mpaka tulikwenda kuijaribu Ngomo. Asiyeijua Ngomo nimwambie: ni ule mteremko wa kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, njia ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu, na malori ya kutoka Uvira yanapanda yakitoa moshi mweusi. Bwana yangu ameendesha malori pale akiwa kijana. Anajua kila kona kwa jina alilolipa yeye mwenyewe.

Kushuka tulishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikotisha. Tulikuwa tumefunga kilo 22 za mzigo nyuma kabisa, na kwenye kona yenye mwinuko mkali gurudumu la mbele likawa jepesi. Nilimsikia bwana yangu akipumua kwa nguvu ndani ya kaske, ile kofia ngumu. Usukani ulikuwa hausikii. Alisimama, akaniambia, "Mama, shuka," nikapanda kona zile kwa miguu, yeye akiendesha polepole mbele yangu. Sababu yake ni ile ya bembea ya watoto: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, unabonyeza nyuma na kuinua mbele, na mlima unaongezea uzito huohuo. Sawasawa na mtu anayekaa mwisho kabisa wa ubao.

Tulirudi Kadutu tumejaa vumbi. Fundi alisikiliza, hakubishana, hakudai hata franga moja. Alikata sentimita 14 za nyuma, akatengeneza masikio mawili ya pembeni yanayoshuka karibu na miguu yangu, mifuko ikae chini na mbele, sambamba na ekseli. Juu akaacha sehemu ndogo ya kuweka turubai na kopo la esanse. Wanaume wa chukudu kule Goma, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanalijua jambo hili tangu utoto: mzigo mzito unakaa chini, katikati. Tulijaribu tena Ngomo wiki iliyofuata. Kona ileile niliipanda nimekaa.

Kuhusu chuma chenyewe. Ametumia bomba jepesi, si nondo, na kabla ya kuchomelea alikwangua ile rangi ya zinki mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu zinki ikiungua inatoa moshi mbaya wa kuumiza kifua na inaharibu mchomeo. Kila pembe ameiwekea kipande cha pembetatu. Pale potibagaji inapokutana na fremu ameweka viduara vya mpira alivyovikata kutoka tairi kuukuu, ili mtetemo wa injini usilegeze chuma kidogo kidogo mpaka kipasuke. Nimekagua kila mchomeo baada ya safari, kwa kidole na kwa tochi. Hakuna ufa. Ila ni nzito: tuliipima kwenye mizani ya magunia sokoni, kilo 9. Kwa injini ya cc 150 yenye watu wazima wawili juu yake, kilo 9 kabla hujaweka hata soksi ni nyingi. Nadhani angeweza kutumia bomba dogo zaidi sehemu ya juu, ambayo haibebi kitu.

Mwisho wa Agosti tukavuka Ruzizi. Mpakani nilijifunza jambo ambalo mwalimu wa jiografia alipaswa kulikumbuka. Nguo zetu nilizifunga ndani ya mifuko ya plastiki, kila mtu wa kwake, ili mvua isiingie. Rwanda imekataza mifuko hiyo tangu 2008, na walinitolea yote pale mezani, kwa adabu, nikabaki na marundo ya nguo mikononi. Kilichotuokoa ni mifuko mikubwa ya pembeni tuliyoshonesha kwa turubai la lori, dola 20 miwili, kwa mshonaji mwingine. Imefungwa kwenye yale masikio ya potibagaji kwa kamba za mpira. Haikuingiza tone hata moja safari nzima. Ukipanga kupita upande ule, sahau plastiki, na beba kaske mbili. Huko abiria bila kaske haendi mbali.

Kutoka Kamembe, mji wa Rwanda karibu na mpaka, barabara ni lami safi. Ntendezi ndipo njia zinapoachana, moja inapanda msituni, nyingine inafuata ziwa Kivu kwenda Karongi. Tulipanda. Usiku wa kwanza tulilala Gisakura, katikati ya mashamba ya majani ya chai, na asubuhi tukaingia msitu wa Nyungwe.

Hapa naomba nieleze kiti kwa makini, kwa sababu mlimani kiti kinafanya kazi ambayo tambarare hakifanyi. Pikipiki ikipanda, abiria anateleza kurudi nyuma. Ikishuka, anateleza mbele, anamgandamiza dereva kwenye tangi, na dereva anaubeba uzito wa watu wawili kwa mikono yake. Kiti cha kiwandani hakina kinachokuzuia upande wowote. Unajishikilia kwa mapaja na kwa kiuno cha mwenzako, na baada ya saa moja mmechoka wote wawili. Fundi ametengeneza ngazi ndogo: sehemu yangu imeinuka sentimita sita juu ya sehemu ya bwana yangu, na ukingo wa ngazi ile unanishika nikitaka kuteleza mbele. Nyuma ameweka egemeo la urefu wa zile sentimita 18 zilizoandikwa ukutani. Halifiki mabegani. Linashika kiuno tu, pale panapotakiwa. Ndani hakuweka sponji laini ya godoro peke yake. Chini kuna ile sponji ngumu iliyobanwa kutoka vipande vya rangirangi, juu yake tabaka jembamba la laini. Siku ya kwanza niliona ni gumu, nikanung'unika. Siku ya tatu nilikuwa nimeelewa: laini tupu inazama, na ukishazama unakaa juu ya mbao.

Kupanda kuelekea Uwinka injini ilianza kulalamika. Sisi wa Bukavu tumezoea mwinuko. Ziwa letu peke yake liko mita 1,460 juu ya bahari. Lakini barabara ya Nyungwe inapita mita 2,400 na zaidi, na hewa huko ni pungufu karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya nyumbani. Kabureta, inayochanganya esanse na hewa, haijui hilo. Inaendelea kumimina esanse ileile. Moshi unakuwa mzito, nguvu zinapungua. Bwana yangu alikuwa amejiandaa: gurudumu la meno la nyuma alilibadilisha kutoka meno 42 hadi 45, tukapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare tukapata mvuto kwenye mlima. Alipofungua buji (plagi) tulipopumzika, ilikuwa nyeusi kama sufuria. Aliifuta, akapunguza esanse kwenye kabureta kwa bisibisi, tukaendelea kwa vitesi (gia) ya pili, mara nyingine ya kwanza, taratibu, malori yakitupita.

Na ukungu. Na baridi, ndugu zangu, baridi ya kweli, ya kukufanya uvae kitenge juu ya koti. Miti inakutana juu ya barabara. Kima wamekaa ukingoni mwa lami kama watu wanaongoja basi. Upande wa kulia mlima, upande wa kushoto bonde lililojaa wingu. Mahali fulani pale juu tulisimama na kuzima injini, nikamweleza bwana yangu kwa sauti, kama darasani, kwa sababu miaka 19 nilikuwa nikiwaeleza watoto wa watu wengine: maji yanayoangukia huku tulikotoka yanashuka Kivu na Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanakuwa Kongo, yanafika Atlantiki. Yanayoangukia huku mbele yanaingia Rukarara, Nyabarongo, Akagera, ziwa Victoria, na kisha Nile mpaka Misri. Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Na sisi tuko wapi sasa?" Nikamwambia tuko juu ya mstari. Alivua glavu akanishika mkono. Hiyo ndiyo sherehe yetu ya miaka 25, na haikuhitaji ukumbi.

Mvua ilitukuta dakika kumi baadaye, mvua ya kwanza ya msimu, na ndipo kiti kikaonyesha kasoro yake kubwa. Mshonaji wa fundi amepitisha mshono juu kabisa, katikati ya sehemu yangu, kwa urembo: mistari mitatu ya uzi mwekundu. Kila tundu la sindano ni tundu la maji. Kufika Kitabi sponji ilikuwa imekunywa mvua yote ya Nyungwe, na kila nilipokaa maji yalipanda kwenye nguo. Huye tulilala, tukala, tukakausha kila kitu isipokuwa kiti. Kesho yake nilikalia turubai lililokunjwa, na kesho kutwa bado ilikuwa mbichi kwa ndani. Siku mbili za ubichi kwa mtu mwenye nyonga kama yangu si jambo dogo. Nilikasirika. Niliwaza maneno ya kumwambia fundi nikirudi.

Kurudi tulipita msitu uleule, safari hii jua limetoka, na mteremko wa kuelekea Gisakura ulikuwa mtihani wa ile ngazi ya kiti. Bwana yangu hakutegemea breki peke yake. Breki za ngoma ukizikanyaga mfululizo mteremko wote zinapata moto, zinanuka, halafu zinaacha kushika. Aliweka vitesi ya pili, injini ikatushikilia, breki akaigusa kabla ya kona tu. Kila injini ilipotuvuta nyuma, mwili wangu ulitaka kwenda mbele, na kila mara ukingo ule wa sentimita sita ulinizuia. Tulipofika chini nilimuuliza mikono ikoje. Akasema, "Mikono yangu leo ni yangu." Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa namuumiza.

Kutoka Ntendezi kufuata ziwa hadi Karongi, na kutoka Karongi kupita Rutsiro hadi Rubavu, ni zaidi ya kilomita 150 za kona. Nasema kona kwa maana yake kamili: sidhani tulipata kilomita mbili zilizonyooka. Lami ni nzuri, ziwa liko kushoto wakati wote, linapotea nyuma ya kilima, linarudi likiwa chini zaidi au karibu zaidi, na ng'ambo yake ni nyumbani, kisiwa cha Idjwi na milima ya Kalehe nyuma yake. Ni ajabu kuitazama nchi yako siku tatu kutoka upande wa pili. Njia hiyo tuliigawa kwa siku tatu, tukalala njiani Nyamasheke, tukala sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga Karongi jioni, moto kabisa, na ndizi. Nyonga yangu: nilikuwa nashuka kila baada ya nusu saa kama daktari alivyosema, lakini siku ya Karongi nilisahau. Tuliendesha saa moja na robo kabla sijakumbuka kwamba nina nyonga. Sina sifa kubwa zaidi ya hiyo ya kukipa kiti chochote.

Baada ya miteremko ya Rutsiro tulianza kusikia mlio, tik tik tik, upande wa kulia. Rubavu tulikagua hatukuona kitu. Tukavuka mpaka, tukaingia Goma, na Goma ina mitaa ya mawe ya lava ambayo haimsamehe mtu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji na sehemu nyingine hadi leo unaendesha juu yake. Dakika kumi za mawe yale zikatuonyesha tatizo: bolti ya juu ya kulia ya potibagaji ilikuwa imelegea, nati imebaki uzi mmoja kudondoka. Fundi alikuwa ameweka nati ya kawaida, bila hata waya wa kuizuia. Kijana mmoja wa garaji alituwekea nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea kwa mtetemo, kwa franga elfu mbili, na tukamwomba aweke hizohizo pande zote nne. Hili ni kosa la franga chache ambalo lingeweza kutuangusha. Ukichukua kazi kwa fundi huyu, usiondoke karakana kabla hujaona nati za namna hiyo kwenye bolti zote.

Jambo la mwisho la kusifia nililiona bandarini. Tulirudi Bukavu kwa mashua, pikipiki ikiwa kati ya magunia ya viazi. Wapakiaji hawaulizi pikipiki ishikwe wapi. Wanaume wanne waliinua yetu, wawili mbele, wawili wameshika potibagaji, mizigo ikiwa bado imefungwa, wakaipitisha juu ya ubao mpaka ndani. Nilifumba macho. Haikupinda, na asubuhi wakati wa kuishusha ikawa vilevile.

Nilirudi Kadutu nikiwa na yale maneno niliyoyawaza Huye. Sikuyahitaji. Fundi alisikiliza habari ya mshono, akaenda mwenyewe kwa mshonaji wake, wakavua ngozi yote mbele yangu, wakaianika sponji juu ya bati, na ngozi mpya wakaishona pembeni tu, chini ya ukingo, juu ikabaki kipande kimoja kisicho na tundu. Hakunidai. Kuhusu nati alinyamaza muda mrefu, akasema nina haki, akaagiza boksi zima.

Karakana haina kibao. Nenda asubuhi, kabla umeme haujaanza kukatika, na kama wewe ndiwe unayekaa nyuma, nenda wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Mkubaliane kwanza uzito wa chuma. Mwambie hutaki zaidi ya kilo sita. Rangi yake si ya kusifia, imeshaanza kuchubuka kwenye pembe, ukipenda pikipiki inayong'aa itabidi uipake tena mahali pengine. Atakuomba nusu ya malipo mwanzoni, na hiyo ni haki yake, vyuma havinunuliwi kwa ahadi.

Nilipokuwa naondoka aliniita nikae tena kwenye ile kreti. Sponji imeshikamana, alisema, lazima apime upya. Alifuta 18 ukutani akaandika 17, na chini yake, kwa chaki hiyohiyo, akaandika "mama wa Nyungwe", ili asichanganye vipimo vyangu na vya mwanamke mwingine aliyekuwa amesimama mlangoni na mumewe, akingoja zamu yake.